Kampuni za simu zituambie nani huomba taarifa zetu

Katika Suratun Nur, aya ya 27 na ya 28, Mwenyezi Mungu amewakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe idhini na kuwatolea salamu wenyeji, na wakiambiwa warudi, basi warudi. Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, amekataza dhana mbaya, kisha kupelelezana, kisha kusengenyana. Wanazuoni wameuzingatia mpangilio huo: dhana huzaa upelelezi, na upelelezi huzaa maneno ya kuwavunjia watu heshima.

Inasimuliwa kwamba Umar bin Khattab (Radhi za Allah ziwe juu yake), alipokuwa Khalifa, alisikia sauti usiku katika nyumba moja ya Madina. Akaukwea ukuta, akamkuta mwenye nyumba katika maasi. Mtu yule akamwambia kuwa yeye amekosa moja, lakini Kiongozi wa Waumini amekosa matatu: amepeleleza, hakupitia mlangoni, wala hakutoa salamu. Umar akamsamehe, akaondoka zake.

Kisa hiki kina funzo kubwa. Hakuna aliyetilia shaka uadilifu wa Umar wala nia yake njema. Pamoja na hayo aliulizwa ameingia kwa mlango gani, na akalikubali swali.

Mlango wa zama zetu

Familia za Mbagala, Tandika, Tegeta na Bunju leo hupitisha mambo yao mazito kwenye simu. Mama hurekodi ujumbe wa sauti kumpelekea binti yake aliyeko Muscat. Wazee wa pande mbili hujadiliana mahari. Mgonjwa hutuma majibu ya vipimo, na mwenye kutaka thawabu za siri hutuma sadaka pasipo mkono wa kushoto kujua. Laini inayobeba yote hayo imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa. Kuanzia Januari 2020, laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kufungiwa.

Kampuni ya simu huhifadhi taarifa za nani kampigia nani, saa ngapi, kwa muda gani, na simu ilikuwa karibu na mnara upi. Taarifa hizo pekee, pasipo kusikilizwa neno hata moja, zinatosha kumjulisha mtu ni msikiti gani unaswali Alfajiri, ni daktari gani unamwona na ni nani unampigia unapokuwa na msiba.

Hatusemi kwamba dola haina haki ya kuchunguza. Aliyetapeliwa fedha za simu anataka mhalifu apatikane, na mzazi ambaye mtoto wake amepotea atashukuru mnara ukionesha alipo. Ibara ya 16 ya Katiba yetu imeilinda faragha ya mtu, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake binafsi, na hapo hapo imeruhusu sheria kuweka utaratibu wa kuiingilia haki hiyo pale inapobidi. Swali letu linahusu utaratibu huo.

Sheria zenyewe hazilingani. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002, ambayo Waislamu wengi wanaijua kwa uchungu, inamtaka polisi anayetaka kunasa mawasiliano apate kwanza ridhaa ya maandishi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha amri ya mahakama. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 32, inamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kutoa mwenyewe amri ya kukabidhiwa taarifa kwa ajili ya upelelezi. Maxence Melo, mwanzilishi wa JamiiForums, alikamatwa Desemba 2016, na katika Mahakama ya Kisutu akashtakiwa kwa kuzuia upelelezi baada ya kukataa kuwataja watumiaji wake. Mwaka 2018 aliachiwa huru katika shauri moja, na mwaka 2020 akatiwa hatiani katika jingine na kutozwa faini ya shilingi milioni 3.

Idadi iliyowahi kutajwa

Duniani, madai ya uwazi yamewahi kuzaa matunda. Januari 2013 watetezi wa faragha waliiandikia Skype, iliyokuwa mali ya Microsoft, barua ya wazi wakitaka ieleze ni mara ngapi serikali huiomba taarifa za watumiaji. Machi mwaka huo huo Microsoft ikatoa ripoti yake ya kwanza.

Juni 2014, Vodafone, kampuni mama ya Vodacom, ilitoa ripoti iliyohusu nchi 29, Tanzania ikiwemo. Kwa Tanzania ilitaja maombi 98,765 ya taarifa za mawasiliano ndani ya mwaka mmoja, yaani takriban 270 kila siku. Hayo hayakuwa maombi ya kusikiliza mazungumzo. Yalihusu kumbukumbu za aina tulizozieleza hapo juu, na bila shaka mengi yalitokana na wizi na utapeli wa kawaida. Lakini idadi hiyo haikutuambia mangapi yalikuwa na amri ya mahakama, wala mangapi yalikataliwa.

Millicom, iliyokuwa kampuni mama ya Tigo, nayo ilianza kutoa ripoti mwaka 2015, lakini ilizijumlisha nchi zake za Afrika katika fungu moja. Mtanzania aliyeisoma hakuweza kuijua hesabu ya nchi yake. Kisha Septemba 2024, gazeti la The Guardian la Uingereza likaripoti kwamba mpelelezi wa zamani wa Millicom, katika shauri la kazi jijini London, alidai kuwa Tigo iliwapa watu wa serikali taarifa za simu ya Tundu Lissu, pamoja na mahali alipo, katika wiki zilizotangulia kupigwa kwake risasi mjini Dodoma tarehe 7 Septemba 2017. Uwe unaikubali siasa ya Lissu au unaipinga, utaona kwamba Watanzania walilisikia jambo hilo baada ya miaka saba, tena kwa sababu tu mwajiriwa aligombana na mwajiri wake katika nchi ya mbali.

Taarifa hazichukuliwi na serikali ya nchi yetu peke yake. Novemba 2020 iliripotiwa Marekani kwamba Muslim Pro, programu ya nyakati za swala na kibla iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 98, ilikuwa ikipeleka taarifa za mahali walipo watumiaji kwa kampuni iitwayo X-Mode, ambayo wateja wake walikuwamo wakandarasi wa jeshi la Marekani. Baada ya habari kutoka na Waislamu kulalamika, Muslim Pro ilitangaza kuuvunja uhusiano huo.

Tuombe nini, na kwa nani

Tunayo sasa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kuwasemea wateja. Kamati za misikiti ya Kinondoni na Temeke zinaweza kuandika barua moja kwa taasisi hizo mbili na kwa kila kampuni ya simu, zikiomba mambo manne yatangazwe kila mwaka: idadi ya maombi yaliyopokelewa kwa Tanzania peke yake, ofisi zilizoomba na sheria zilizotumia, maombi yaliyokataliwa, na lini mtu aliyechunguzwa bila kukutwa na kosa huarifiwa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalofichua upelelezi unaoendelea.

Nyumbani, kila mzazi apige *106# aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, kisha aangalie ni programu zipi katika simu za watoto zimepewa ruhusa ya kujua mahali walipo, na azinyime zile zisizohitaji.

Misikitini nako kuna kazi. Tuna daftari za wajane na mayatima wanaopokea zaka, namba za simu za wachangiaji na majina ya watoto wa madrasa. Hiyo ni amana, na Suratun Nisaa, aya ya 58, imetuamuru kuzifikisha amana kwa wenyewe. Daftari hizo zifungiwe kabatini, majina ya wapokea zaka yasirushwe kwenye makundi ya WhatsApp, na katibu aandike kila anapompa mtu taarifa hizo: amempa nani, lini, na kwa sababu gani. Kamati yenye kumbukumbu hiyo itaweza kuidai kampuni ya simu nayo ioneshe ya kwake.

Wabillahi Tawfiq.