Baridi ya mwezi wa saba: tusiache wazee wetu peke yao pembeni ya mbabula



Mahindi imekwisha kuvunwa, karanga iko mu magunia, na mvua itarudi karibu na mwezi wa kumi. Hapa Kolwezi tuko zaidi ya metre 1 400 juu ya bahari. Ni sababu ile mu mwezi wa sita na wa saba, usiku, baridi inaweza kushuka chini ya digri 10. Vijana wengi wanaenda kutafuta franga ku migodi. Nani anabaki ku kijiji? Wazee.

Muzee anakaa asubuhi yote ku jua bila kazi. Jioni anaingiza mbabula mu nyumba na anafunga mulango na dirisha. Hapo kuna hatari kubwa: gazi ya makala haionekani, haina harufu, na inaweza kuua mutu akiwa mu usingizi. Mutu akilala, mbabula ilale inje, hata kama makala inaonekana imekufa. Tuongeze blanketi, si makala.

Lakini blanketi haitoshi. Viungo vya mutu asiyetembea vinakauka, na upweke unamuzeesha mbio. Kuna kazi za wakati wa baridi zenye wazee wanapenda, zenye hazivunji mugongo, na zenye faida yake inabaki ku koperative.

Kuchagua mbegu

Kwa mahindi yetu ya kienyeji, nani anajua mbegu kupita kambo? Jua ikipanda, tandikeni mukeka, wazee wakae pamoja na wachague huku wanapiga masolo. Watafute masuke makubwa yenye haina matundu ya wadudu, na watoe mbegu za katikati ya suke, kwa sababu zile za ku ncha ni ndogo.

Kupima kama mbegu imekauka, tieni mbegu kidogo na chumvi kavu mu chupa kavu, mutikise, mungoje dakika 15. Chumvi ikishika ku chupa, mbegu ingali na maji: irudi ku jua. Karanga ya mbegu ibaki mu maganda yake mpaka karibu na kupanda. Pale inajilinda vizuri.

Kisha muhesabu mbegu 100, muzifunge mu kitambaa chenye maji. Mahindi inachelewa kuota mu baridi, basi kitambaa kikae karibu na jiko, pahali pa vuguvugu, la sivyo hesabu itawadanganya. Nyuma ya siku 7, kama 85 ao zaidi zimeota, mbegu ni nzuri. Chini ya 70, tafuteni ingine mapema. Ni vizuri kujua vile mu mwezi wa saba kuliko kuona shamba tupu mu mwezi wa kumi na mbili.

Bustani ya kuchunga bila kuinama

Shu na vitunguu vinapenda baridi. Mutengenezee muzee tuta moja karibu na nyumba, lipande mpaka ku magoti, likingwe na mbao ao matofali, lisiwe pana sana ili mukono ufike katikati. Vijana wachote maji; muzee amwagilie na kopo ndogo, jua ikiisha kupanda. Ndiyo mazoezi yake, na jioni mboga iko mu chungu.

Neno moja kwa sisi wa Kingamyambo: tusimwagilie na maji yenye kupita ku mabaki ya migodi, na tusitie ule udongo mu tuta. Madini inaweza kuingia mu mboga.

Kisolo

Mangaribi, mucheze kisolo. Haiombe franga: mistari 4 ya mashimo mu udongo, kila muchezaji na mistari yake 2, na mbegu ao vijiwe. Inaomba kuhesabu na kufikiri mbele, na muzee anaweza kumushinda mujukuu wake mbele ya watu. Watoto wakae karibu: kati ya muchezo mumoja na mungine watasikia ni shamba gani lilikuwa dembo, na mbegu gani ilivumilia mwaka wa jua kali.

Isiwe kazi ya bure

Tuangalie jambo moja. Tukiwaita wazee halafu tuwaachie kazi yote, furaha itakwisha mu juma moja. Kambo akisema "eyo, nitakuja", aje kwa kupenda, apumzike akichoka, apate munkoyo ao chai ya moto, na siku ya kugawa mbegu, naye apate fungu lake kama muntu yeyote aliyetumika.

Ombi letu kwa kila komite: ku mukutano wenye kuja, muandike majina ya wazee wanaolala peke yao, muchague siku moja ya juma kwa kukutana, na mutaje kijana atakayepita kila mangaribi kuona kama mbabula iko inje.