Biwi Linalochemka

Chomeka kipande cha nondo katikati ya biwi la mboji lenye umri wa siku nne au tano, ngoja dakika tano, kisha ukichomoe. Kama biwi limepangwa vizuri, hutakishika kwa muda mrefu. Na hapo hakuna aliyewasha kiberiti.

Joto hilo hutoka kwa bakteria. Wanapovunja sukari na wanga uliomo kwenye maganda ya ndizi, matembele yaliyonyauka na ugali uliochacha, sehemu ya nishati huwaponyoka ikawa joto, nalo hukwama ndani kwa sababu biwi ni nene. Mwanzoni hufanya kazi wale wapendao uvuguvugu. Joto likivuka nyuzi 40 za Sentigredi, hao huwapisha wenzao wanaostahimili ukali, na kipimo hupanda hadi 55, hata 65. Joto la nyuzi 55 likidumu siku tatu mfululizo, huua mbegu nyingi za magugu, mayai ya minyoo na vimelea vingi vya maradhi. Ndiyo maana wakulima hupindua biwi: kilichokuwa pembeni nacho kiingie jikoni.

Lakini taka nyingi za jikoni haziishii kwenye biwi. Nimeshiriki usafi wa kujitolea wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi mara nyingi kiasi cha kuijua kasoro yake. Tunafagia, tunajaza viroba, gari linapakia, tunapiga picha, tunarudi nyumbani tumeridhika. Taka zenyewe zimehama tu. Zaidi ya nusu ya taka za majumbani katika miji yetu ni vitu vya kuoza, na vikifika dampo hufukiwa na vingine mpaka hewa ikakosa njia. Palipokosekana oksijeni hushika zamu vijidudu vya aina nyingine, vinavyotoa methani. Kwa kipindi cha miaka 100, tani moja ya gesi hiyo hupasha dunia joto takriban mara 28 kuliko tani moja ya kaboni dioksidi.

Mlima wa taka una hatari nyingine pia. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, dampo la Kiteezi, nje kidogo ya jiji la Kampala, liliporomoka na kufukia nyumba. Watu zaidi ya 30 walikufa.

Sasa, kujitolea kwa namna gani kungepunguza mzigo huo? Biwi langu la kwanza lilinifundisha kwa aibu. Nilirundika mabaki ya jikoni peke yake. Baada ya wiki lilinuka mayai viza, na jirani akaja kubisha hodi. Mabaki ya jikoni yana maji mengi na nitrojeni nyingi. Bakteria wanahitaji kaboni takriban sehemu 25 hadi 30 kwa kila sehemu moja ya nitrojeni, na kaboni imo kwenye vikavu: majani yaliyopukutika, maranda, mabua, maboksi yaliyochanwachanwa. Vikavu hivyo pia huacha matundu ya kupitisha hewa. Unyevu nao hupimwa kwa kiganja: kamua konzi moja, pakitoka tone moja au mawili, inatosha, yakichuruzika, ongeza majani. Nyama, samaki na mafuta yasiingie, maana panya hawahitaji mwaliko.

Ukilipindua kila wiki, mboji huiva kwa miezi miwili hadi mitatu. Utaijua kwa pua: hunukia kama ardhi iliyopata mvua ya kwanza, na si mfano tu, kwani kemikali ni ileile, jiosmini, inayotengenezwa na bakteria wa udongoni.

Na majani makavu, yale ambayo biwi langu lilikuwa linayalilia, yako wapi? Tunayafagia kila asubuhi chini ya miembe na mikungu, tunayakusanya pembeni, tunayachoma, na moshi unaingia madirishani kwa watoto. Wenyeviti wa mitaa na vijana mnaoratibu usafi, Jumamosi ijayo kabla hamjawasha moto ulizeni kwanza: nani hapa ana biwi?