Kigong'ota na Jamaa Zake

Ukisikia ko-ko-ko kutoka kwenye mti mkavu, huyo ni kigong'ota, ambaye wengine humwita gogota. Baadhi yetu humdhania kuwa ni hudhud wa Nabii Sulayman (A.S.) kwa mdomo wake mrefu. Hudhud ni ndege mwingine, wala si wa ukoo huu.

Jamaa zake wa kweli hapa Tanzania ni zuakulu na mlembe. Tazameni miguu yao: vidole viwili mbele, viwili nyuma. Kigong'ota amezidishiwa mkia mgumu wa kujiegemeza, na ulimi mrefu ambao mifupa yake huzunguka nyuma ya fuvu. Tulizoea kusoma kwamba kichwa chake kina kitu kama sponji cha kupunguza mshindo. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha sivyo: kichwa hupiga kama nyundo, na ubongo husalimika kwa kuwa ni mdogo.

Kigong'ota na zuakulu hupenda kuchonga matundu yao katika mti uliokufa au kuoza. Nao ndio huo tunaoukata kwanza kwa kuni, tukisema hauna kazi! Ukiondoka, ndege hawa hukosa pa kulala na pa kulea.

Mlembe hachongi. Hutaga katika matundu ya ndege wengine, wakiwemo hao jamaa zake. Kinda lake huanguliwa kipofu, lakini lina ndoana kali mdomoni, nalo huwaua makinda wa wenye nyumba.

Ndege huyo huyo ni rafiki wa warina asali. Wahadzabe wa pande za Ziwa Eyasi humpigia mluzi, naye huwatangulia mti hadi mti mpaka penye nyuki. Wao huchukua asali. Yeye hula nta na majana. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2023, mlembe wa Eyasi aliuitikia mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara 3 kuliko sauti wanayotumia Wayao wa Msumbiji. Kule Msumbiji ikawa kinyume chake. Yaonekana kila mlembe hujifunza lugha ya majirani zake.

Lakini pale watu walipoacha kurina na kununua sukari dukani, imeonekana kwamba mlembe naye hupunguza kuongoza.