Saratani haikungoja korona iishe
Aprili 2020, Mombasa, Kilifi na Kwale zilipofungwa, mgonjwa wa saratani aliyetegemea kupasuliwa Nairobi alikwama. Wengi walidhani kuahirisha ndiyo salama. Siyo: utafiti wa mwaka huo ulionyesha kila wiki 4 za kuchelewa upasuaji huongeza hatari ya kufa kwa asilimia 6 hadi 8.

Dawa yake ni kutenga wodi, chumba cha upasuaji na cha mahututi, wagonjwa wa korona wasitie mguu. Hospitali 447 za nchi 55 zilichunguzwa. Palipotengwa hivyo, matatizo ya mapafu baada ya upasuaji yalikuwa asilimia 2.2, kwingine 4.9. Wala si lazima jengo jipya. Ila kwetu Pwani vitanda vya mahututi ni vya kuhesabu, na hapo kaunti zetu zina la kujibu.