Unataka Mashine ya Nyasi ya Kukalia Kwa Boma la Kisii ama Nyamira? Pima Mteremko Kabla Utoe Doo

Kama uko na ndugu ama auntie Minnesota, pengine hii stori ushaisikia kwa simu. Amechoka kusikia mzee analia mgongo kwa sababu ya slasha, sasa anataka kutuma ocha ile mashine ya kukata nyasi unayokalia kama trekta ndogo. Huko majirani wake wanazo. Anaona ikifika nyumbani, mzee atakuwa anakata boma akiwa amekaa, kofia kichwani, chai kando.

Wazo ni poa na roho ni safi. Lakini hizo mashine zilitengenezewa uwanja tambarare, na Gusii si tambarare. Ukikosea hapa hupotezi pesa peke yake. Mashine ya kilo 200 ikipinduka kwa mteremko na mzee akiwa juu yake, hiyo ni hospitali ama mazishi. Kwa hivyo kabla mtu atoe doo, cheki haya mambo moja baada ya nyingine.

1. Nyasi yako ni ngapi kwa ukweli?

Watu husema "boma letu ni kubwa" lakini hawajawahi kupima. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni kama mita mraba 465. Toa nyumba, jikoni, choo, kibanda cha ng'ombe, parking na migomba, unabaki na nyasi ya mita mraba 250 hivi.

Sasa angalia. Mashine ya kusukuma yenye upana wa sentimita 50 hivi, ukitembea pole pole na kugeuka geuka, inamaliza kama mita mraba 1,000 kwa saa moja. Hiyo ni robo ekari. Maana yake boma la 50 kwa 100 linaisha kwa dakika 20. Kukalia mashine ya nini?

Mashine ya kukalia yenye upana wa mita moja inamaliza karibu ekari nzima kwa saa, lakini tu kama iko na nafasi ya kukimbia. Inaanza kuwa na maana ukiwa na nyasi ya nusu ekari kuenda juu, bila vizuizi vingi. Na mabomani mwetu vizuizi haviishi: miparachichi, kamba za nguo, mitaro ya maji, makaburi ya familia. Kila mahali mashine inazunguka, lazima mtu arudi na slasha kumalizia. Unajipata umenunua mashine na slasha bado haijastaafu.

2. Mteremko ndio hakimu

Hii ndiyo pointi kubwa. Watengenezaji wengi wa mashine za kukalia wanasema usipite mteremko wa digrii 15. Kwa macho, digrii 15 haionekani kama kitu ya kuogopa, ndiyo maana watu wanaumia.

Jipimie hivi. Chukua ubao wa mita moja na pima maji ya fundi wa ujenzi. Weka mwisho mmoja wa ubao chini upande wa juu wa mteremko, inua ule mwingine mpaka pima maji iseme uko sawa. Halafu pima nafasi kutoka mwisho ulioinuka hadi chini. Ikipita sentimita 27, umeshapita digrii 15. Pima sehemu kali zaidi ya boma, si pale mbele ya sebule.

Mabomba mengi ya upande wa Manga, Nyamache ama kuteremka mito ya Nyamira yatafeli hiyo test mapema sana. Sehemu zingine ziko sawa: Suneka kuna mahali pametulia, na Borabu mashamba ni makubwa kidogo kwa sababu ya zile skimu za makazi za baada ya uhuru. Pia kompaundi za shule, makanisa na viwanja kama Gusii Stadium, hapo mashine ya kukalia inafanya kazi yake vizuri.

Kama umepita test, kumbuka sheria: mashine ya kukalia inapanda na kushuka mteremko, haikati kwa upande. Ile ya kusukuma ni kinyume, unakata kwa upande ili ikiteleza isikupande miguu. Na zile za kukalia zinazoongozwa na mikono miwili ya chuma badala ya stering, achana nazo kabisa kwa mlima. Magurudumu ya mbele yanazunguka tu yenyewe, ya nyuma yakiteleza huna tena cha kuiongoza.

3. Mvua na urefu wa mlima vinakula nguvu

Kisii town iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na sehemu za Nyamira zimepanda zaidi. Hewa huko ni nyepesi, na injini ya petroli ya kawaida inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Piga hesabu: karibu asilimia 17 imeenda kabla hata ugonge nyasi. Mashine iliyoandikwa nguvu farasi 10 inakufanyia kazi ya 8 na kitu. Kwa hivyo usinunue ile ndogo kabisa ukisema "itatosha tu".

Halafu kuna mvua. Kwetu mvua ni karibu mwaka mzima, na nyasi ya kikuyu ikionja mvua ya Aprili inakua ni kama inashindana na mtu. Ukiiacha wiki tatu, inakuwa godoro. Mashine yoyote ikiingia hapo inakabwa, mkanda unaungua, injini inazima. Dawa ni kukata mara kwa mara, na usitoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Kata katikati ya asubuhi, umande ukishakauka na kabla mvua ya mchana. Nyasi mbichi yenye maji inateleza kama sabuni.

4. Nani ataitengeneza?

Mashine nzuri ni ile fundi wa mtaa anaweza kufungua Jumatatu na ikawaka Jumanne. Injini za Honda na Briggs & Stratton zinajulikana na mafundi wengi kwa sababu zinafanana na zile za jenereta na pampu za maji. Plagi, filta na kabureta si stori ngumu.

Shida ya mashine ya kukalia iko nje ya injini: mikanda mirefu, spindle za visu, gia. Mkanda ukikatika na hakuna duka Kisii town lenye saizi hiyo, mashine inageuka kuwa kiti cha kuku. Kabla ununue, muulize muuzaji akuonyeshe mkanda na kisu cha hiyo modeli kwa shelf. Si kwa simu, kwa shelf. Akianza "tutaagiza", jua utangoja.

5. Kama inatoka majuu kwa kontena

Hapa diaspora wasikize. Mashine za betri za Marekani zinakuja na chaja ya volti 120. Stima ya Kenya ni volti 240. Mtu akichomeka bila kusoma kibandiko cha nyuma, chaja inaweza kuungua siku ya kwanza. Soma kama imeandikwa 100-240, ama ununue chaja ya huku.

Kama ni ya petroli, tuma pamoja na mikanda miwili, seti mbili za visu, filta na kitabu cha maelezo. Na pata hesabu ya ushuru na usafiri kutoka Mombasa kwa maandishi kabla kontena ifungwe.

Ikiwa imetumika, iwashwe ikiwa baridi kabisa. Moshi wa bluu maana yake inakula oil. Inua sufuria ya chini uone kutu. Halafu uinuke kwa kiti visu vikizunguka: injini inafaa kuzima yenyewe. Isipozima, mtu ameharibu swichi ya usalama, usiichukue.

6. Sasa uchukue gani?

Boma dogo lenye mteremko kidogo: mashine ya petroli ya kusukuma, injini inayojulikana. Boma lenye mlima mkali: brashkata ya kuvaa begani. Nyingi ni za kuchanganya oil na petroli, na kipimo kiko kwa kitabu. Kama ni 50 kwa 1, hiyo ni mililita 20 za oil kwa lita. Ukikosa kuchanganya, injini inakufa siku hiyo hiyo. Nusu ekari na zaidi, tambarare, na fundi yuko karibu: hapo sasa kalia mashine yako.

Na kuna njia ya nne watu wanaidharau: kijana wa mtaa mwenye brashkata, aje mara mbili kwa mwezi. Mzee anapumzika, kijana anapata unga, na hakuna mashine ya kulindwa usiku.

Yoyote utakayochagua, okota mawe kwanza. Kisu cha mashine ya kusukuma kinaweza kuzunguka kwa mwendo wa karibu kilomita 300 kwa saa pale nchani, na jiwe likirushwa hapo halichagui mtu. Watoto wakae ndani. Vaa gumboots, si ndala. Na usiwahi kubeba mjukuu kwa mapaja ukikata, hata akilia vipi.

Kwa hivyo kabla auntie alipie hiyo kontena, mtumie picha ya ule ubao wa mita moja na ile nafasi uliyopima. Hiyo picha itamwambia kama pesa yake inunue mashine ya kukalia ama brashkata.