Duka Liko Songea, Mali Iko Kariakoo

Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, iko zaidi ya kilometa 900 kutoka Dar es Salaam. Ukiingia duka la nguo, la vyombo au la simu mjini hapo ukauliza mzigo umetoka wapi, utajibiwa neno moja: Kariakoo. Nenda Sumbawanga, Kigoma, Lindi au Singida, jibu halibadiliki. Mahindi ya Ruvuma hushuka kwenda Dar es Salaam kwa malori. Viatu, vitenge, redio na madaftari hupanda kwa barabara ile ile ya Makambako.

Serikali iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, na kuanzia 2016 wizara zikahama kweli. Biashara ya jumla haikuhama. Kwa mwenye duka wa mkoani, mji mkuu wake bado ni mitaa iliyobanana kati ya Mnazi Mmoja na bonde la Msimbazi. Hoja yangu katika makala haya ni moja: Kariakoo ni ghala la mikoa yote, na inastahili kutunzwa kama tunavyotunza bandari na reli.

Kambi ya wapagazi

Jina lenyewe limebebwa na watu wa mikoani. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani Septemba 1916, eneo hili likawa kambi ya kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, na midomo ya wenyeji ikalifanya Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor, jina la asili hiyo hiyo. Waliobebeshwa mizigo ya vita ile walikuwa vijana waliotolewa vijijini, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa maradhi na njaa.

Vita vilipokwisha, jengo lililoachwa na Wajerumani likageuzwa soko. Mitaa ikapimwa kwa mistari iliyonyooka kwa makazi ya Waafrika, ikitengwa na mji wa Wahindi na Wazungu kwa uwanja wa Mnazi Mmoja. Majina iliyopewa ni kama ramani ya nchi: Lindi, Mafia, Pemba, Rufiji, Mahiwa, Nyamwezi. Mgeni kutoka bara alipanga chumba katika nyumba ya Kiswahili, ile ya korido katikati na vyumba pande mbili, akakuta barazani watu wa kwao. Pembeni mwa mitaa hiyo, New Street, ambayo leo ni Lumumba, ndipo TANU ilipozaliwa Julai 7, 1954.

Soko kubwa tunalolijua, lenye shimo la chini na paa la maumbo kama miavuli, lilichorwa na msanifu majengo Mtanzania, Beda Amuli, na kufunguliwa na Rais Julius Nyerere Desemba 8, 1975. Lakini siku hiyo linafunguliwa, duka la Songea lilikuwa bado halijaitegemea Kariakoo.

Kutoka RTC hadi fremu

Miaka ile bidhaa za dukani ziligawiwa na serikali. Shirika la biashara la taifa lililoundwa 1967 lilivunjwa miaka michache baadaye, na kila mkoa ukapata kampuni yake ya biashara, RTC. Sukari, sabuni, khanga na betri vilipitia huko. Mwenye duka wa Songea alikwenda RTC ya Songea na karatasi ya mgao, akachukua alichopewa, akauza kwa bei iliyopangwa.

Mfumo huo ulielemewa na uhaba wa fedha za kigeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 rafu zilikuwa tupu, na kampeni ya 1983 dhidi ya wahujumu uchumi haikuzijaza. Mlango ulianza kufunguka mwaka 1984, serikali iliporuhusu mwenye fedha zake za kigeni aingize bidhaa. Alipoingia Rais Ali Hassan Mwinyi mwaka 1985, ruksa ikapanuka.

RTC zilipodhoofika, kazi yao ilichukuliwa na Kariakoo, na hakuna tangazo la serikali lililoipa kazi hiyo. Ilikuwa karibu na bandari, ilikuwa na soko, na ilikuwa na watu wa kila kabila wenye ndugu kila wilaya. Nyumba za Kiswahili zikavunjwa moja baada ya nyingine, yakapanda maghorofa: chini fremu za maduka, juu yake stoo, juu zaidi gesti na makazi. Wakinga wa Makete, Wachaga wa Kilimanjaro na Wapemba wakawa miongoni mwa majina makubwa ya mitaa hiyo. Kodi za fremu zikapanda hadi mpangaji mpya akawa analipa kilemba kwa mpangaji anayetoka, kabla hata hajafikia kodi ya mwenye nyumba.

Siku za mteja wa mkoani

Mteja wa mkoani zamani alishuka Ubungo. Tangu Februari 2021 anashuka stendi ya Magufuli, Mbezi, kisha anaingia mjini kwa mwendokasi au daladala. Asubuhi yuko mitaani. Nguo anazitafuta Mtaa wa Congo na mitaa inayoukata, simu na vifaa vyake Aggrey, vipuri Gerezani. Anazunguka, anauliza bei, anashika kitambaa, anarudi alikoanzia.

Hapo hukutana na winga. Winga hana fremu wala mzigo. Mtaji wake ni kujua nani ana nini na kwa bei gani, na faida yake ni kile anachoongeza juu ya bei ya mwenye mali. Kwa mgeni asiyejua mitaa, winga humwokolea siku nzima. Kwa mgeni asiyejua bei, humpunguzia faida kabla mzigo haujafungwa.

Tufanye hesabu ya mfano. Dazeni ya mashati ni shilingi 120,000, yaani 10,000 kwa kila shati. Winga akiongeza 1,000 kwa shati, dazeni inakuwa 132,000. Mwenye duka akiuza Songea kwa 15,000 kila moja, atapata 180,000, na ziada ya 48,000 ambayo ndani yake kuna nauli ya mzigo, pango la duka, kodi na chakula cha familia. Mashati matatu yakimdodea, anabaki na 135,000. Ziada imekuwa 3,000, na nauli bado hajaitoa.

Ndiyo maana watu hawa hukaa kilometa 900 kwenye basi kwa ajili ya kuchagua. Ujuzi wa mwenye duka wa mkoani ni kujua rangi ambayo wateja wake wataikataa, saizi zitakazokwisha kwanza, na mwezi ambao mkulima ameshauza mahindi na ana fedha mkononi.

Jioni mzigo hukusanywa, hufungwa robota na kuandikwa jina na mji kwa kalamu ya wino mzito. Wapagazi, mikokoteni na maguta huuvusha katikati ya watu hadi kwenye ofisi za mizigo ya mikoani, ambako malori hupakia. Mzigo mdogo huenda na basi. Katika mitaa hiyo hiyo utawakuta pia wateja wa Zambia, Malawi, Kongo, Burundi na Komoro, wakifunga mizigo kwa namna ile ile. Kampala ina Kikuubo, Nairobi ina Eastleigh na Kamukunji. Kariakoo ni ya ukoo huo.

Mali kauli

Kinachoiunganisha Kariakoo na mikoa zaidi ya barabara ni mali kauli. Mteja anachukua mzigo, analipa sehemu, na kilichobaki anakilipa akishauza. Hakuna hati ya nyumba wala mdhamini wa benki. Kuna daftari, namba ya simu na neno la mtu.

Hakuna anayepewa mali kauli siku ya kwanza. Mara ya kwanza unalipa taslimu, mara ya pili pia. Ukishajulikana, ukishaulizwa kwa watu wa kwenu ukaonekana unalipa, ndipo mwenye mali anakwambia chukua, utanitumia. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, deni hulipwa kwa simu bila safari. Leo picha za mzigo mpya hufika Songea kwa WhatsApp, fedha hutumwa, robota linapanda basi. Wanaotapeliwa wapo, hasa wanaonunua kwa mtu wasiyemjua kwa sababu ya picha nzuri. Anayeijua fremu ya mwenye mali na mwenye mali anayelijua duka lake hutapeliana kwa shida.

Huo ni mkopo mkubwa wa wafanyabiashara wadogo, na unafanya kazi ambayo benki nyingi hazijaiweza, kwa kuwa mwenye duka wa kupanga hana dhamana ya kuweka mezani. Lakini mnyororo wake ni mrefu. Mwenye mali wa Kariakoo naye ameagiza Guangzhou au Yiwu, China. Asiyeweza kujaza kontena hutumia wakala anayekusanya mizigo ya watu wengi ndani ya kontena moja na kutoza kwa ujazo. Shehena ikifika, nyaraka za forodha huwa za wakala. Mwenye mzigo anabaki na bidhaa bila karatasi za kuonyesha ushuru umelipwa.

Mnyororo unapokatika

Shida hiyo ya karatasi ilikuwa sehemu ya manung'uniko yaliyofunga maduka ya Kariakoo Mei 15, 2023. Wafanyabiashara walilalamikia usajili wa stoo, ukaguzi wa risiti na ukamataji wa mizigo, maarufu kama kamatakamata. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikutana nao Mnazi Mmoja Mei 17. Mgomo ulirudi Juni 24, 2024, na safari hii haukuishia Dar es Salaam: katika siku chache maduka yalifungwa pia Mwanza, Mbeya, Iringa, Arusha na Dodoma.

Kabla ya hapo, usiku wa Julai 10, 2021, moto uliteketeza soko kuu. Serikali ikatenga takriban shilingi bilioni 28 kulikarabati na kuongeza jengo jipya. Novemba 16, 2024, ghorofa liliporomoka eneo la mitaa ya Mchikichi na Congo na kuua zaidi ya watu 20. Waokoaji walichimba kwa siku kadhaa, na Waziri Mkuu akaunda kamati ya kukagua majengo ya Kariakoo. Waliokufa ni msiba usio na hesabu ya fedha. Kwa upande wa biashara, daftari la mwenye mali likifukiwa, madeni ya miji kadhaa yamefukiwa nalo, na mzigo uliokuwa umelipiwa nusu hauendi popote.

Mlango wa Ubungo

Sasa kuna mshindani. Palipokuwa stendi ya Ubungo pamejengwa kituo cha biashara na usafirishaji, EACLC, kilichowekezwa na Wachina, chenye maduka zaidi ya 2,000. Na Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo uuzaji wa jumla na rejareja isipokuwa wa aina chache, huduma za fedha kwa simu na ufundi wa kukarabati simu. Atakayekiuka atatozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10 au atafungwa kwa muda usiozidi miezi sita.

Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo waliipokea amri hiyo kwa furaha, na wana haki. Hata hivyo amri haitamfanya mteja wa Songea alipe bei kubwa. Simu yake inaweza kumwonyesha bei ya kiwandani. Kitakachomrudisha Kariakoo ni kwamba anaweza kushika bidhaa kabla ya kununua, kuchanganya dazeni mbili za hiki na moja ya kile, na kukopeshwa kwa neno lake. Hayo hakuna kituo kipya kinachoyajenga kwa saruji.

Mwaka 2025 ulizinduliwa mpango wa biashara kwa saa 24 Kariakoo. Ni hatua nzuri: lori linaweza kupakia usiku, mteja wa mkoani akapunguza usiku mmoja wa gesti. Lakini saa 24 zinataka taa, ulinzi, vyoo, njia za zimamoto na mabomba yenye maji. Zinataka pia wenye majengo waache kuchimba na kuongeza ghorofa juu ya misingi isiyopimwa.

Kwa hiyo nina ombi kwa kila mhusika. Ripoti za ukaguzi wa majengo zitangazwe mtaa kwa mtaa, ili anayelipa kilemba ajue anaingia katika jengo gani. Mamlaka ya Mapato na mawakala wa mizigo wakubaliane namna ya kumpa kila mwenye mzigo ndani ya kontena la kuchangia karatasi yake mwenyewe ya ushuru. Hapo kamatakamata itakosa sababu. Mwenye mali atoe risiti kamili, kwa maana mteja wake atasimamishwa njiani akiulizwa. Na wewe mwenye duka wa Songea, Lindi au Kigoma, lipa mali kauli kwa siku uliyoahidi. Atakayefungua duka baada yako hapo mjini ataulizwa anatoka wapi, na atapewa au kunyimwa mzigo kwa jina ulilomwachia.