Bandu bandu huisha gogo, hata la msituni

Mpenzi msomaji, kabla hujainjika sufuria ya chakula cha Jumapili, hebu litazame jiko lako. Pengine ni la makaa, pengine ni la gesi au la stima. Je, ni kawi ipi kati ya hizi ambayo wajukuu wako wataikuta?

Mwanafunzi wako atakujibu upesi kwamba maliasili ni za aina mbili. Kuna zinazojizalisha upya, kama vile miti, maji, samaki, upepo na jua. Kisha kuna zisizojizalisha, kama vile madini na mafuta. Gesi ya mtungi imo katika kundi hili la pili, kwani asili yake ilichukua mamilioni ya miaka kuundika ardhini.

Mfano wa karibu ni Kwale. Madini ya titani yalianza kuchimbwa huko mwaka 2013. Kufikia mwisho wa Desemba 2024, uchimbaji ulisimamishwa kwa kuwa yaliyofaa kuchimbwa yalikuwa yamekwisha. Miaka kumi na mmoja tu! Hakuna mvua itakayoyarudisha.

Jibu la mwanafunzi ni sahihi, lakini lina mtego. Wengi wetu tukisikia kwamba kitu hujizalisha, hudhani hakiishi. Sivyo. Msitu hurudi kwa sharti moja: usikatwe kwa kasi kuliko unavyoota. Mti wa makaa huchukua miaka mingi kukomaa, ilhali gunia lake huisha jikoni kwa majuma machache. Tukikata bila kupanda, msitu utakwisha kama mgodi. Ndiyo maana mnamo Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma.

Usijipe moyo kwamba wewe unapikia stima. Maji ya Mto Tana yanayozungusha mitambo ya Masinga na mabwawa mengine hutoka Mlima Kenya na Nyandarua. Misitu ya huko ikifyekwa, udongo husombwa hadi mabwawani na mito hupungua wakati wa kiangazi. Wazazi watakumbuka mwaka 2000, ukame ulipokausha mabwawa na stima ikawa ya zamu. Jua na upepo pekee ndivyo visivyopungua hata tukivitumia vipi.

Basi ufanye nini? Nunua jiko lenye udongo ndani badala ya la bati tupu, kwani hutumia makaa machache. Loweka maharagwe usiku kucha, na ufunike sufuria inapochemka. Na ukienda mashambani likizoni, nenda na watoto wakapande miti, kisha warudi kila mwaka kuitazama.

Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Gogo hilo, msomaji, ndilo linalowaka jikoni mwako leo.